Niliandika Kwamba Hana Mlezi

Mama Mwajuma,

Nimechoka. Ningeanza kwa salamu nzuri, lakini wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Nimechoka, Mama.

Tangu tukuzike, meza yako imekaliwa na printa iliyoishiwa wino. Fomu za watoto wenye kesi tunazijaza kwenye kompyuta siku hizi, na ukiacha nafasi moja wazi, inakataa kwenda mbele. Tulipelekwa semina ya siku mbili, hoteli moja ya mtaa wa matajiri, Nyarutarama, tukafundishwa jinsi ya kumhoji mtoto bila kumtisha. Walifundisha vizuri, sisemi uongo. Kisha tukarudi ofisini, mimi na mwenzangu Innocent tu, mafaili yale yale, na usafiri hakuna.

Nina jambo la kukuambia. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, kwa hiyo…

Nilikabidhiwa faili la binti wa miaka kumi na mitano, Diane. Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mkufu wa mama mwenye nyumba ulipotea, naye akakamatwa. Hakimu alitaka ripoti yangu ili aamue kama Diane angojee kesi nyumbani au mahabusu. Diane aliniambia ana shangazi mtaa wa Gitega, muuza nyanya. Nilipiga namba aliyonipa mara mbili, haikupatikana. Nilipaswa kwenda. Ni nusu saa kwa miguu, Mama, na wewe vile vichochoro ulikuwa ukivipanda na goti lako bovu, ukiniambia, "Mtoto hasomwi kwenye karatasi, mwanangu. Gonga mlango wao." Siku ile nilikuwa na ripoti nyingine nne, kichwa kinaniuma. Kompyuta ikauliza mlezi. Nikaandika: hana.

Diane akabaki ndani wiki tatu.

Nilipokwenda kumwona, aliniuliza taratibu, "Shangazi amenikataa?" Nilitoka pale moja kwa moja hadi Gitega, nikauliza kwa wauza mboga watatu, nikampata. Anaitwa Vestine. Simu yake ilikuwa imeharibika, na siku zote hizo alikuwa akimtafuta mtoto kwa kila aliyemjua. Nilipomwambia mimi ni nani, aliniwekea kigoda, akanipa maji. Maji, Mama! Nikayanywa nimeinama, kisha nikamweleza nilichoandika. Halafu akavua aproni.

"Basi twende ukawaambie."

Hakunitukana hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Nilisimama mbele ya hakimu nikasema ripoti ile nimekosea, kwamba sikufika nyumbani kwa mtoto. Alinitazama juu ya miwani, akaandika, akaandika. Mchana ule Diane aliondoka na shangazi yake. Kesi bado ipo, mkufu haujaonekana. Diane huitikia salamu yangu akitazama chini, na sina haki ya kudai zaidi.

Juzi tumeletewa maafisa wapya watatu, nikaambiwa niwafundishe. Nilikuwa nimeandaa zile picha za semina za kuonyesha ukutani. Nikazima mashine, nikawasimulia hili lote. Kijana mmoja akauliza, "Na kama usafiri hakuna, dada?" Nikamwambia, "Utachoka. Nenda hivyo hivyo." Akaandika kwenye daftari lake. Sijui kama nilimsaidia. Ungekuwepo ungeniambia, au ungenigombeza kwanza, kisha uniambie.

Sikulii leo. Nimekaa tu hapa, viatu nimevivua.

Lala salama, mama yangu. Mungu akupe pumziko, nawe umelifanyia kazi. Jumanne kesi ya Diane inasikilizwa. Nakuahidi nitakaa benchi moja na Vestine tangu asubuhi mpaka waitwe, hata kama Diane hatanitazama.

Mwanafunzi wako,
Claudine