Chupa Yetu ni Ipi, Baba?

Mwaka umekatika tangu utuache, Baba, na Mama bado hajakusamehe ile nusu sentensi.

Tunaikumbuka mikono yako, iliyojalidi vitabu vya watu kwa miaka arobaini. Mteja akileta kamusi iliyoachana kurasa, ulimpa kiti kwanza, kisha ukaipokea kamusi kwa mikono miwili na kusema, "Huyu atapona." Hukuwahi kumcheka mtu kwa kuchana kitabu.

Tunakukumbuka pia kwa chupa zako. Hilo hatuwezi kulikwepa, maana zimejaa chumba kizima. Chupa arobaini na tatu za vermuti, ule mvinyo mchungu wa mitishamba kutoka Italia, kuukuu zote na nyekundu zote. Vermuti nyeupe ulisema ni maji yenye maringo. Ulizitoa kwenye hoteli zilizofungwa na maduka yaliyokufa, ukazibeba kifuani hadi nyumbani, na hukumfungulia mtu hata moja. Wageni waliambulia soda. Kila Jumamosi Mama alipozipangusa vumbi ulimwambia, "Polepole kwenye karatasi, mama watoto." Lebo ndiyo iliyokuwa mali kwako, kinywaji kilikuwa kisingizio.

Moja kati ya hizo ilitengenezwa mwaka mliooana. Ulimwahidi Mama mtaifungua ndoa ikitimiza miaka thelathini, ukagoma kumwonyesha ni ipi. Ukaugua, ukataka ulazwe chumba hicho hicho cha chupa. Ikiwa imebaki miezi miwili siku hiyo ifike, ulimshika mkono ukasema, "Yetu nimeiandika. Utaiona kwa..." Usingizi ukakuchukua, na haukukurudisha.

Kwa nini, Baba? Mtu aliyeweza kuzungumzia gundi kutwa nzima anakosaje neno moja?

Mama ametafuta mpaka amechoka. Chupa zenyewe hazina mwaka. Wewe peke yako ndiye uliyejua umri wao kwa kutazama kizibo na karatasi ya ushuru. Amezipindua, amezisoma kwa kioo chako cha kukuzia, amepekua madaftari yako yote. Baba Mdogo alikuja kusaidia, akachungulia kitako cha kila chupa.

"Shemeji, si ufungue yoyote tu? Kaka hayupo wa kutugombeza."

"Na nitajuaje kama ndiyo yenyewe?" Mama akamjibu. Siku ya miaka thelathini ilipofika alikaa mbele ya rafu na glasi mbili, akazirudisha jikoni zikiwa kavu. Alikuwa na hasira, nasi tuliogopa hata kumsalimia.

Jumapili iliyopita uvumilivu ulimwisha. Alivuta chupa ya kwanza iliyomjia mkononi, akang'oa kizibo, akammiminia Baba Mdogo, akatumiminia sisi, akajimiminia mwenyewe. Ilikuwa chungu na imechacha.

"Hiki ndicho alichokuwa akinibania miaka yote?" alisema.

Tuliinywa kwa ukaidi mpaka ikaisha, naye akaiinua dirishani aone kama kuna mashapo. Mwanga ukapenya kwenye ile chupa ya kijani. Nyuma ya lebo, upande wenye gundi, pale ambapo mvinyo mwekundu ulikuwa umepaficha, tukauona mwandiko wako: "Siyo hii, mama watoto. Jaribu nyingine."

Kumbe ulitaka kusema utaiona kwa mwanga wa dirisha.

Kisha Mama akasema neno moja: "Uji."

Ndipo tukaelewa. Mwezi ule wa mwisho ulikataa kila chakula, ukaomba uji mzito usio na sukari, na mlango ufungwe. Bakuli lilirudi tupu kila mara, na Mama aliwapigia ndugu simu kuwaambia kwamba sasa unakula. Kumbe ulikuwa ukibandua lebo na kuzibandika upya kwa gundi ya unga, ile ile uliyowafundisha mafundi wako. Mama amelia kwa ajili ya uji ule kuliko alivyolia mazishini. "Angeunywa," anasema. "Angeunywa tu, lebo zingesubiri."

Hatujui kama umeziandika zote. Hatuwezi kujua bila kuzimaliza, na tunahisi hivyo ndivyo ulivyotaka, wewe uliyetunyima hata tone. Mama ameapa kufungua moja kila Jumapili, na glasi yako ataiweka mezani ili apate wa kumgombeza.

Unakumbukwa na mkeo; na wanao watatu, ambao hawajazoea uchungu huu; na mdogo wako, ambaye wiki hii ameulizia Jumapili tangu Jumatatu; na mafundi wa karakana yako, wanaokoroga gundi kama ulivyowaonyesha.

Kukusahau hatuwezi, Baba, hata tungetaka. Zimebaki arobaini na mbili.