Mtutu wa Baba Umekufa, Maganga

Mdogo wangu Maganga,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Na wewe wifi yangu Kasele, unayemsomea, soma kwa sauti na polepole, na akinyanyuka kujifanya anakwenda kuangalia mizinga ya nyuki, mwambie, "Dada yako amesema ukae."

Hamjambo hapo nyumbani? Kifua kimepoa? Lile jino umeling'oa, au bado unalilea kama mtoto? Mimi nipo, ila magoti yamenikataa. Hapa wanasema ni majira ya joto, nami nimevaa sweta mbili. Mwanangu anatoka kazini kuwaogesha wazee wa watu, akifika nyumbani ananikuta mimi, mzee mwingine wa kuogesha. Halalamiki, lakini nina macho.

Anayeniandikia ni Mama Furaha, Mkongomani wa kanisani kwetu. Mkono wake ni mzuri, ila risasi anaziita masasi, nimemwambia aandike risasi, mdogo wangu asije akachanganyikiwa. Niliposema barua ni ya bunduki aliweka kalamu chini. Nikamwambia, hii ni ya kuwindia, ya baba yetu. Akasema, "Mama, bunduki ni bunduki." Kwao wameziona za aina nyingine. Tukanywa chai, kisha akaishika tena kalamu. Kwa hiyo ujue maneno haya yametoka kwa shida.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Masikio yako yalikufa kwa milio ya bunduki, ukipokea simu kijiji kizima kinasikia. Na nikianza kusema jambo lenyewe unakata. Juzi umeniambia, "Dada, bunduki iko sawa, nimeizoea," ukakata. Sasa nikate huku, kama unaweza.

Tuanze pale pale pabaya. Msimu uliopita ulimpiga nyati, ukalenga bega, risasi ikaingia tumboni. Nyati akaingia kichakani na jeraha lake, mkamfuata, akamtokea Juma Msabila, mfuata nyayo wako wa miaka yote, akamvunja mguu. Leo Juma anatembea na mguu mmoja na fimbo. Na wewe ukaapa kwamba kibali cha mwaka huu kikitoka utaingia tena porini, upige nyati mmoja tu, safi, watu waache kusema Maganga kazeeka, mkono unatetemeka. Ukaniomba nimtafute fundi huku, kwa kuwa kwenye mtutu kuna chapa ya huku Birmingham.

Nilimtafuta. Nilimpata mzungu mzee, karakana yake iko kwenye mtaa ambao anasema zamani kila nyumba ilikuwa inatengeneza bunduki. Wande, mjukuu wangu anayesoma chuo kule Selly Oak, ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiyo kazi. Fundi akasema mambo matatu, tukakutumia. Kwamba ubao usiubane mtutu, ukwanguliwe hadi karatasi ipite katikati. Kwamba mdomo wa mtutu kama una pengo usawazishwe, maana hapo ndipo risasi inapouaga mtutu. Na kwamba zile risasi unazojaza kwa mkono usipime baruti kwa kijiko cha pembe cha baba, upime kwa mizani, kila ganda lipate sawa na mwenzake.

Ukafanya yote, sikukatalii. Seremala alikwangua ubao siku mbili. Ukapima baruti punje kwa punje. Kisha ukapiga simu unapiga kelele, "Dada! Risasi tano zote zimeingia upana wa kiganja!" Maganga, mimi nilikuwa Sparkhill, mbele ya duka la vitambaa, nikapiga kigelegele watu wakageuka. Wande akataka kuzama ardhini. Nikakuuliza, ulisimama mbali kiasi gani? Ukasema hatua thelathini.

Hatua thelathini! Kwa hatua thelathini hata mimi ningemlenga kwa ndala. Nikakwambia rudi nyuma mpaka mia, piga kumi, karatasi uliyoilenga nitumie yenyewe, si picha.

Karatasi ilifika, ya mfuko wa saruji, imekunjwa pamoja na ile chupa ya asali uliyonitumia, imelowa pembeni. Nikaibeba kwa mabasi mawili mpaka kwa fundi. Akaitandaza mezani. Kumi ulizopiga, matundu sita. Hilo si baya sana, nilidhani. Lakini akainama, akaweka kidole kwenye tundu moja, kisha jingine. Hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa marefu, kama tundu la kufuli. Wewe uliniambia yamechanika hivyo kwa nguvu ya risasi. Fundi akauliza, "Aliyepiga ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Macho yake yakoje?"

Nikamwambia anaona nyuki akiingia mzingani akiwa ng'ambo ya shamba. Akasema basi jicho halina kosa. Risasi inafika ikiwa ubavu, inapinduka hewani kama kijiti kilichotupwa. Ndani ya mtutu kuna mifereji ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja, na mifereji hiyo imeliwa na kutu, imekwisha. Wande akanigeukia. "Bibi, anasema imekufa."

"Anasema yeye au unasema wewe?"

"Yeye."

Nikauliza, tukikata mdomo kidogo? Hapana. Tukibadilisha baruti, risasi nzito zaidi? Akasema hata ukijaza kwa mizani ya sonara, mtutu hauna cha kuishikia. Mtutu mpya? Akatikisa kichwa. Aina hiyo haichongwi tena, na bunduki ingebidi ije mpaka huku kwa karatasi za serikali mbili, na yeye mwenyewe anafunga karakana, hana wa kumwachia. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza.

Kisha akauliza swali moja. Fataki mnazotumia, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, ni zipi? Nikasema ni za kopo alilotuachia baba. Akauliza, mnausafishaje mtutu baada ya kupiga? Wande akaniuliza mimi, nami nikasema kwa mafuta, mdogo wangu anausafisha kwa mafuta sana, anaupenda. Fundi akasema fataki za zamani zinaacha chumvi ndani. Chumvi hiyo haitolewi na mafuta. Inatolewa na maji ya moto tu. Mafuta yanaifunika, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini.

Maganga, hapo nilivuta kigoda cha yule mzungu nikakaa.

Kwa sababu nilikuwa najua. Baba akirudi kuwinda aliita, "Nyamizi, maji!" Mimi ndiye niliyekuwa natoa sufuria jikoni, yanachemka, nashika faneli, namimina mtutuni mara tatu mpaka chuma hakishikiki. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Baba alikifuta, ndipo akatoka nje kukaa na ninyi wanaume, akapaka mafuta. Ninyi mliona mafuta. Ya jikoni hamkuyaona. Mimi niliyahesabu na kazi zangu nyingine, kama kuosha masufuria, sikufikiri ni jambo la bunduki. Nikaolewa Tabora, masika yale yale baba akafa, wewe ukarithi bunduki na kopo, na maji hakuyarithi mtu. Miaka yote hiyo nimekuja nyumbani nimekukuta unapaka mafuta, nikakusifu. Nikasema, mdogo wangu mtunzaji, kama baba.

Mguu wa Juma nimeuvunja mimi. Usinijibu kwamba sivyo. Nimeshajibiwa hivyo na mwanangu, na Wande, na mchungaji, na sasa hivi Mama Furaha naye amefungua mdomo nimemwambia andika.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu, najiuliza nikwambie au nisikwambie. Nisipokwambia, utaingia porini na bomba lililokufa. Nikikwambia kwamba jicho lako ni zima na mkono wako ni mzima, utafurahi, utakwenda kuazima bunduki ya mtu. Njia zote mbili zinakupeleka kwa nyati. Nimetafuta ya tatu, sina. Basi nimekupa ukweli, kwa kuwa umeteseka ukidhani ni uzee wako. Si uzee. Lakini nakuomba kama dada aliyekubeba mgongoni, usiende. Hakuna anayekungoja porini kukupa heshima. Nyati hajui umesemwa.

Kuja kukuzuia siwezi. Daktari amesema kwa moyo wangu huu ndege sipandi tena. Nilimuuliza meli, akacheka, akadhani natania.

Sasa Kasele, hapa usiruke. Najua anasikia, asikie. Kile chuma cha komeo, kile cha nyuma ya bunduki kinachochomoka, ambacho bila hicho haipigi, weka barua chini, kachomoe, katupe chooni. Sasa hivi. Atapiga kelele, atakununia msimu mzima, mnunie na wewe. Polisi wakiuliza, waambie ni amri ya Nyamizi wa Birmingham, waje wanikamate, nauli juu yao. Ya kuazima siwezi kuizuia. Hiyo utalia nayo wewe, na mimi huku.

Na kama barua imechelewa, kwa maana aliyeibeba ni muuguzi mwenzake mwanangu anayepitia kwao kwanza kuzika, ukakuta msimu umefunguliwa na ukutani hakuna bunduki, usimsomee mtu yeyote. Ikunje. Atakaporudi, kama atarudi, usimwoneshe, mpe chakula.

Nisalimieni shangazi yetu aliye kitandani, mwambieni kanga yake nimeivaa leo. Msalimieni seremala, kazi ya ubao aliifanya vizuri, haikuwa kosa lake. Watoto wa marehemu kaka, wote, hata yule mkorofi. Na Juma Msabila msimtumie salamu zangu. Nendeni mkae naye, mmwambie yote yaliyomo humu, akitaka kunitukana mumwache amalize.

Nakupenda, mjinga wewe.

Dada yako,
Nyamizi