Nyuzi za Juu

Haarlem, Jumatatu ya Juma Kuu

Kaka yangu Joost,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Hanneke. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila hasira zimenijaa.

Ni huyu Wiebe, fundi wangu wa nyuzi, uliyenitafutia mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita. Desturi yangu unaijua: asubuhi yeye hukaza nyuzi za kile kinanda ulichoniundia hadi zitoe sauti sahihi, mimi namalizia nyuzi za juu, zile za sauti nyembamba, kwa mkono wangu, kisha hakigusi mtu, maana okestra nzima naiongoza nikiwa nakipiga. Jana, Jumapili ya Matawi, wenzangu wakinywa kahawa kabla ya muziki wa Mateso ya Yesu, nilirudi kanisani kuchukua miwani. Namkuta Wiebe kainama, ufunguo wa kukazia nyuzi mkononi, anageuza nyuzi zangu!

Joost, nilipandwa na mori. Nilimwita mwizi, mchawi, waimbaji wote wakisikia. Nikamuuliza kaanza lini kunifundisha kazi. Akanijibu polepole, eti nitulie mama, yeye anafuta vumbi tu. Vumbi! Nikamfukuza, nikazikaza nyuzi upya, tukaanza.

Kufika wimbo wa pili, Saskia, mpiga fidla wetu wa kwanza, akanikazia macho. Mwimbaji akapotea njia. Watu wa viti vya mbele wakaanza kukohoa. Wakati wa mapumziko niliwafokea wote kwamba kinanda ndicho kibovu, ubao umepinda, na aliyekiunda alifaa kutengeneza makabati. Ndiyo, nilikutaja kwa jina.

Hapo Saskia akasema imetosha. Akasema hakuna asiyejua pale kwamba miaka miwili sasa Wiebe anairudia kazi yangu kila onyesho, wakati wa kahawa, nisije nikaaibika.

Sasa sikia nililokuficha. Mwaka juzi, wakati wa baridi, daktari aliniambia sauti za juu zimenitoka masikioni na hazirudi. Karatasi yake niliichana, nikaendelea kuongoza. Kinanda chako ni kizima, kaka. Nisamehe.

Leo nimekwenda kwa Wiebe. Hakunikaribisha ndani. Ameniuliza tu, mlangoni, Ijumaa Kuu kanisa litafunguliwa saa ngapi. Nimemwambia saa tatu, na kwamba sitagusa uzi hata mmoja. Baada ya Ijumaa sipandi tena jukwaani. Hasira bado ninazo, sijui nimmwagie nani.

Msalimie wifi, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu. Njoo Ijumaa, ukae mbele. Nyuzi za juu zikilia sawa, nipungie mkono, maana mimi sitajua.

Dada yako,
Geesje