Tata Kalala na Mkono Wangu

Kolwezi, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Amani iwe kwako na kwa nyumba nzima. Mgongo unaendeleaje? Zaina dada yangu akikusomea barua hii atasema mwandiko umeharibika. Kweli, lakini nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia. Usishtuke, sikiliza kwanza.

Wiki sita zilizopita nilikuwa natengeneza mashine ya kuchimbia huku mgodini. Mashine hizi zinanyanyua mawe kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mipira minene kama mabomba. Mpira mmoja ulivuja, na tundu halikuonekana. Fundi wetu mkubwa, Tata Kalala, yaani Baba Kalala kwa lugha ya huku, mtu wa Kasai, mkali asiyecheka, ametukataza mara nyingi kutafuta tundu kwa mkono. Pitisha kipande cha katoni, doa la mafuta litakuonyesha tundu, anasema. Sisi tulimcheka, tukamwita Tata Katoni. Unanijua nilivyo mbishi. Nikapitisha mkono.

Nikasikia kama sindano kwenye kidole cha shahada. Damu haikutoka, wala hapakuuma sana, kidoa tu. Niliona aibu, nikaendelea na kazi.

Jioni tukaagana. Mafundi tukiwa na mafuta mikononi tunapeana kifundo cha mkono, kama wewe ukiwa na unga. Kidole kilikuwa kimeanza kuvimba, basi nikampa Tata Kalala kifundo. Akanitazama.

"Ulishanawa mikono. Juu ya nini unanipatia kifundo?"

"Ni mwiba tu, tata."

"Mu mashine muko mwiba gani? Ile ni mafuta, iliingia mu nyama. Twende ku hopitali."

Muuguzi aliona kidoa, akataka kunipaka dawa nirudi nyumbani. Tata Kalala akaweka mkono wake mezani. Una vidole viwili, na miaka yote hakuna aliyethubutu kumuuliza vingine vilienda wapi.

"Mi pia walinipaka dawa, nikaenda kulala. Angalia vile nilibakia. Ita munganga mukubwa."

Daktari akaja, akanipasua toka kidole hadi kiganja, akaosha mafuta yaliyokuwa yanaua nyama kwa ndani. Alisema ningesubiri mpaka kesho yake, pengine mkono mzima ungekatwa. Nimepoteza ncha ya kidole tu. Siku zote nilizolazwa Tata Kalala aliniletea bukari, ugali wa huku, akanimegea na kunilisha kama mtoto mchanga, huku akinitukana.

Namshukuru Mungu, na yeye namshukuru mpaka maneno yananiishia. Ukisali, mtaje kwa jina, ingawa si wa dini yetu. Sasa na mimi natembea na kipande cha katoni mfukoni, na vijana wananicheka.

Nisalimie mjomba mshonaji, shangazi anayeuza mawese, na Zaina msomaji wetu, asante kwa macho yake. Likizo nakuja. Najua nitakukuta jikoni, unga mpaka kwenye viwiko. Usinipe kifundo, mama. Nipe kiganja na unga wake.

Mwanao mbishi,
Ramazani