Maharagwe Uliyowaonjesha Wapangaji

Mpendwa Baba Mwende,

Mama yako ameondoka asubuhi hii kurudi Kangundo, nami nimebaki hapa Dandora na hasira ambayo sina wa kumpa ila wewe. Najua marehemu husemwa vizuri. Siku ya mazishi nilikusema vizuri sana, na kila mtu alinisikia. Leo niache nikuseme kama mke.

Nianze na ile Jumapili ya kuonja. Ulikuja na gari la kituo mpaka mlangoni, ukateremsha gunia dogo kwa mikono miwili kama mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Kazi yako yote kule kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ilikuwa ndani ya gunia hilo: maharagwe yanayozaa sana, yasiyoshikwa na ugonjwa wa majani, tena yanayoiva upesi ili mtu wa mjini asimalize makaa. Nilijua habari zake hata kabla hatujaoana. Ulinieleza tukiwa tumekaa nje ya nyumba ya mjomba wangu kule Kaloleni, huku ukinicheka: "Nyinyi watu wa Nairobi mnadhani maharagwe huzaliwa ndani ya gunia." Nilikupenda siku hiyo. Simjui mwanamke mwingine aliyetongozwa kwa habari za mbegu, lakini mimi nilitongozeka.

Kituo kilitaka kujua kama watu wa mjini watayapenda. Kazi yenyewe ilikuwa kuyapeleka mitaani, kwa watu usiojuana nao, na kuwasikiliza. Wewe ukaona njia ya mkato. Si tuna ploti? Si vyumba vyote vina wapangaji, watu wa Kakamega, wa Siaya, wa Nyeri, wa Mombasa, wote kwenye bomba moja la maji? Ukaniambia nichemshe sufuria kubwa. Ukawaita uani, ukasimama mbele yao na shati jeupe.

Baba Mwende, ulikuwa mwenye nyumba! Nani atakula chakula cha mwenye nyumba, uani kwa mwenye nyumba, kisha amwambie usoni kwamba hakina ladha? Mama Atieno wa chumba cha mwisho akasema, "Aii, Baba Mwende, hii ni tamu mpaka nasikia kulia." Yule kijana aliyekuwa akifanya kazi kiwandani kule mtaa wa Baba Dogo akaramba sahani. "Mzee, hizi maharagwe si mchezo. Ongeza kidogo." Na wewe ukaamini! Mtu aliyesoma hivyo, mtu ambaye hakuamini hata redio ikitangaza mvua, ukapewa adabu ukadhani ni ladha.

Mimi nilikuwa nimeonja. Mchuzi ulikuwa wa kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo. Nilinyamaza kwanza kwa sababu ya wageni, nikafunika yaliyobaki, maana ndivyo tunavyokula huku: unachemsha mara moja, unapasha kesho na kesho kutwa, nayo hayaharibiki. Asubuhi nikafunua sufuria. Yalikuwa yamechacha, yanatoa povu. Haikuhitaji akili nyingi. Mpishi yeyote wa ploti hii angeliona jambo hilo kama angepelekewa mabaki badala ya kupelekewa hotuba.

Nilikuletea sufuria yenyewe ukiwa unafunga kamba za viatu.

"Nusa," nikakwambia.

Ukanusa.

"Haya mtu atayanunua mara moja, hatarudi tena."

Ukacheka kidogo, kile kicheko chako cha ofisini. "Mama Mwende, wewe ni mtu wa nyumbani. Maneno yako siwezi kuyapeleka. Wakubwa watasema nimejipendelea."

Kujipendelea! Mimi niliyekuwa nayakataa! Ua mzima wa watu waliokuogopa wakahesabiwa, na mmoja asiyekuogopa akawekwa kando kwa sababu analala kitanda kimoja nawe. Nilikurudia jioni. Nilikurudia siku iliyofuata, mpaka ukaniomba nikuache ule kwa amani.

Hayo ningeyameza, kama nilivyomeza mengine. Lakini mbegu hiyo ukawa na haraka ya kumpelekea mama yako.

Nilikuwepo, kwa hiyo usinibishie huko uliko. Mama alikuwa na mbegu yake kwenye kibuyu, ile yenye michirizi myekundu, imepakwa majivu ili isibunguliwe. Alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Kila msimu alipanda, akavuna, akarudisha nyingine kibuyuni. Wewe ukasimama kwenye shamba lile la Kangundo ulikolelewa ukasema, "Usichanganye, mama. Hii mpya inataka shamba lake peke yake." Akakuuliza, "Na hii yangu?" Ukajibu, "Hiyo tupikieni tule." Tukaipika, tukala yote likizo ile. Ilikuwa tamu, na hapo hakuna aliyekuwa akisema kwa adabu. Wewe mwenyewe ulirudia sahani.

Nitasema na la haki. Mavuno ya kwanza yalinifunga mdomo. Mashina yalilemewa mpaka yakalala chini, nawe ukawa unaita majirani waje waone, na majirani wakaomba mbegu, ukawagawia. Nilikuangalia ukicheka pale katikati ya shamba nikajiambia labda nilikosea mimi. Nilifurahi kukosea. Wachuuzi walikuja wakabeba magunia yote.

Msimu uliofuata walikuja tena, wakachota viganjani, wakayarudisha. "Hizi za kijivu? Hapana, mama. Zinachachia watu." Basi. Kule kituoni wakaacha kuyataja maharagwe hayo, wakakuhamishia mambo ya mahindi, na hakuna aliyefunga safari kwenda Kangundo kumwuliza bibi mzee anaendeleaje. Magunia ya mama tuliyaleta hapa tukayala sisi. Mwaka mzima, Baba Mwende! Nilikuwa nachemsha kidogo kidogo ili yasilale. Nakupakulia, nakutazama, nangoja neno moja tu: ulisema kweli. Wewe ukawa unasema, "Asante, mama." Hata ulipolazwa hospitali niliendelea kulingojea, na naona aibu kusema hivyo. Uliniuliza kuhusu bati linalovuja. Uliniuliza kama Mwende anasoma. Ukafa hujalisema.

Wiki iliyopita mama alikuja kwa sababu mvua inakaribia naye anataka mbegu yake ya zamani. Alikwisha kuitafuta kwa majirani, lakini nao walifuata ushauri wako, hakuna aliyebaki nayo. Nikampeleka soko la Gikomba, upande wa nafaka. Aliinama kwenye kila gunia, anachota, anageuza mbegu kiganjani, anaachia. Mwuzaji mmoja akamfokea, "Mama, unanunua ama unacheza?" Nilimjibu yule mtu maneno ambayo sitayaandika hapa. Tulizunguka mpaka miguu ya mama ikavimba, tukarudi mikono mitupu.

Nilimwekea maji ya uvuguvugu kwenye karai aloweke miguu, nikampa chai. Ndipo akaniuliza.

"Mama Mwende, yale maharagwe ya mwanangu, wewe ndiye uliyeyapika mara ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Hamkuona kwamba yanachacha?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Niliona. Nikamwambia. Akanusa kwa pua yake mwenyewe, akaenda kazini, kisha akaja kukwambia upike mbegu yako. Kila neno kweli tupu, na miaka yote hii nimekuwa nikitafuta sikio la kuliambia. Sikio ndilo hilo, limekaa kwenye kigoda changu, tena lenye haki kuliko yote. Lakini nilimtazama mama usoni nikaona hakuwa anauliza habari za maharagwe. Alikuwa anauliza kama mtoto wake alijua.

"Hapana, mama," nikasema. "Hatukuona."

Akashusha pumzi. "Basi. Nilijua mwanangu hawezi." Akamaliza chai yake.

Umeona ulichonifanya? Wale wapangaji niliowacheka miaka yote, nami nimekuwa kama wao, nimesema tamu mahali pa chungu, kwa heshima yako. Neno langu la kweli nililobaki nalo nimelizika kwa mkono wangu mwenyewe, na siwezi tena kulifukua, maana nikimwambia mtu yeyote litamfikia mama. Nimekasirika, Baba Mwende. Nimekasirika na bado nakukumbuka, na sijui ni lipi linalonichosha zaidi.

Lala pema. Mama yako amerudi nyumbani akiamini kwamba hukujua. Heshima hiyo nimekupa. Nyingine usiniombe.

Mkeo uliyekataa kumsikia,
Mama Mwende