Barrette za Shangazi Mukandori

Jumatano, 3 Juni 1998
Toka Mbugangari mpaka Kanama hakuna mutu anajua kompyuta kama mi. Wajapani wakikwama, wanitafute. Eti niliacha shule mwaka wa pili sekondari — bon, shule ilikosa kitu cha kunifundisha.

Leo nimepata gazeti ya Kifaransa ya wenye mitaji. Ilikuja imefungia redio ya kutengeneza toka Goma. Jalada ilishapasuka. Inasema memori ya kompyuta imeadimika duniani, bei inapanda tu, mwenye akili anunue aweke. Inasema pia écran bapa, vioo vya kompyuta, zinakuja, nyembamba kama sinia, zitazika hizi zenye mugongo. Nimesoma yote. Karibu yote.

Jumamosi, 6 Juni
Nilimusomea Shangazi Mukandori. Cherehani yake ilikuwa kimya, wateja wa Cyanzarwe wanaogopa njia kwa sababu ya waasi. Nikamuonyesha barrette moja, kibao cha memori, kidogo kama kitana.
— Gentil, hii inaoza?
Hapana.
— Inakula?
Hapana.
— Basi inashinda mbuzi.
Akaniita profesa mbele ya jirani Nyiramana, yule anayesema mi naua redio za watu. Nyiramana akaingia kwake! Nililala nikicheka.

Jumanne, 9 Juni
Benon, yule aliyerudi toka Uganda, anatengeneza kompyuta za ofisi kule chini karibu na ziwa. Nikamuambia mpango. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "My friend, memori inaanguka kila mwezi. Viwanda vimetoa kupita kiasi. Na za aina hiyo mashine mpya hazikubali." Na écran bapa? "Hiyo ngoja. Itashuka bei pole pole." Akauliza gazeti ya lini. Nikasema ya juzi.
Wivu tu.

Jumamosi, 13 Juni
Shangazi ameuza cherehani. Tukavuka mpaka kwenda Goma, tukanunua barrette arobaini. Muuzaji alitupatia na soda. Muuzaji wa kutoa soda — ilifaa nishangae pale pale.

Alhamisi, 25 Juni
Ofisi tatu, hakuna anayetaka. Muuzaji wa Goma hakubali kuzipokea tena. Anasema leo anaziuza nusu ya bei yetu. Shangazi anashona kwa mukono, ushonaji wa vifungo tu. Barrette amezifunga ndani ya kitenge, chini ya kitanda. Hasemi kitu kibaya. Angenitukana ningepumua.

Jumapili, 28 Juni
Mvua hakuna, vumbi tu. Shangazi ametoka kanisani, amekaa mulangoni, gazeti iko mapajani. Ananiita: "Profesa, njoo unisomee tena pale bei inapanda. Labda tulifanya haraka, labda ni mwezi ujao."
Nimesema nakuja. Naandika kwanza.
Kosa si la muuzaji. Si la viwanda. Tarehe ya gazeti ilikuwa chini ya ukurasa, maandishi madogo: Septemba 1995. Niliiona Jumanne ile ile nikitoka kwa Benon. Cherehani ilikuwa bado ndani ya nyumba, siku nne nzima.
Nikaikata tarehe. Kwa makasi ya Shangazi.