Namba ya Ugenini Aliyoijua Mke Wangu Peke Yake

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nipokee kama kaka yako aliyekwama, maana nahitaji msaada na nauhitaji kabla ya Jumamosi.

Mimi ni fundi lifti. Kwetu mimi ndiye kifungua mimba, na tangu baba afariki kila jambo linasubiri neno langu, nani aoe lini, wageni walale kwa nani, ufunguo wa geti akae nao nani, hadi wadogo zangu wakanibandika jina la Mahakama, na simu yangu ikawa haipumui, nipo juu ya kibanda cha lifti na mkanda kiunoni simu inalia, nikipokea ni dada yangu anamshitaki mdogo wetu wa mwisho kwamba kaanika suruali kwenye kamba yake. Kwa hiyo kazini waliponichagua kwenda nje ya nchi kusomea mitambo mipya, sikufichi, nilifurahia masomo lakini nilifurahia umbali zaidi.

Simu yangu kubwa niliiacha kabatini makusudi, kwa sababu ndimo yalimo makundi ya familia, na nilipofika kule niliingia duka la simu nyuma ya hosteli yetu, kachumba kembamba kenye kaunta ya kioo, nikanunua simu ndogo ya vitufe na laini ya kulipia kabla, ile wanayowauzia wageni, muuzaji akachukua pasipoti yangu akaipiga picha, akanisimamisha ukutani akanipiga na mimi kama mtuhumiwa, akanionyesha jinsi ya kuficha namba ninapopiga, kisha akanieleza mengine kwa haraka kwa lugha ninayoisikia nusu nusu, kitu kama niongeze salio kabla ya muda wake kwisha hata kama sipigi, nami nikaitikia kwa kichwa, maana nyuma yangu kulikuwa na foleni na sikutaka kuonekana mshamba.

Nyumbani niliwaambia laini za kule hazipokei simu za kutoka nje, kwa hiyo nitakuwa napiga mimi. Namba nilimpa mke wangu peke yake, nikamwapisha asimpe mtu. Alicheka, akasema kumbe Mahakama nayo huwa inakwenda likizo, lakini akakubali, na neno lake alilishika.

Baadaye kidogo simu ikawa kimya. Nilikuwa nakaribia mitihani, sikupiga, mke wangu naye hakupiga, nikadhani nyumbani kumetulia na kwa kweli nikashukuru. Kumbe laini ilikuwa imefungwa, muda ulikwisha na sikuongeza salio, kwa akili yangu salio ni la kupiga na kupokea ni bure, sasa niongeze la nini. Nilikuja kugundua nilipotaka kuwaambia siku ya kurudi, na kwa kuwa nilishaanza kufunga mizigo sikuona haja ya kununua nyingine, nikamwandikia barua pepe mtu wa ofisini kwetu apeleke ujumbe kwamba nakuja.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani ya kimya hicho. Mama yangu ana kisukari, alikuwa na kidonda mguuni, kikaharibika. Hospitalini daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti upesi kabla sumu haijapanda, na mama mwenyewe homa ilishamzidi, hatambui mtu. Ikatakiwa saini ya ndugu. Mjomba, ambaye ni kaka yake mama, akasema hakatwi mtu hapa mpaka mkubwa aseme, wadogo zangu wakamuunga mkono, na mkubwa ndiye mimi, na mimi sipatikani. Hapo ndipo mke wangu akasema yeye anayo namba yangu. Akatoka kwenye korido akapiga, haiendi, akapiga tena, haiendi, daktari amesimama mlangoni anasubiri, basi akarudi ndani akawaambia, "Nimempata. Amesema mama akatwe, apone." Akatia saini yeye.

Mama amepona. Kidonda kimekauka na sukari imeshuka, na daktari anasema wangechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini dada yangu alimfuata mke wangu kwenye korido siku ile, na anasema hakumsikia akiongea na mtu yeyote. Halafu wote kwa pamoja wanauliza, kama namba alikuwa nayo siku zote, kwa nini alituficha ndugu yetu. Maneno yamefika kwa mama. Yeye anakaa kwangu sasa, kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, na chakula akikileta mke wangu anageuza uso, akikileta binti yangu kutoka jiko lile lile, sufuria ile ile, anakula. Amesema wazi, kama ni mwanangu alisema nikatwe, nitanyamaza, na kama ni yule aliamua mwenyewe, sitamsamehe mpaka naingia kaburini.

Nilipotua, hata begi sijaliweka chini, mjomba akaniuliza nilisema au sikusema. Nikamjibu nimechoka na safari. Tangu hapo nimekuwa nachoka kila siku. Sasa ameitisha kikao cha familia Jumamosi na swali ni hilo hilo moja. Nikisema ndiyo, namdanganya mama yangu mzazi machoni, na dada yangu anajua. Nikisema hapana, mjomba ameshatamka kwamba mke wangu atarudishwa kwao. Na ule mpango wangu wa namba ukijulikana, sijui nitamwamulia nani tena katika familia ile.

Mke wangu hajanigombeza. Juzi alikuwa anakunja nguo, akaniambia bila kuniangalia, "Sitaki unidanganyie. Nimeshadanganya mimi, inatosha. Usininyamazie tu." Mshauri, niseme nini?

Ni mimi,
Fundi Lifti

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa mguu wa mama. Pole kubwa zaidi nampa mkeo, ambaye hakuniandikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza duka, kaunta, vitufe, hata suruali ya mdogo wako iliyoanikwa. Mahali ulipomwambia mkeo asante sijapaona. Mama yako yu hai, baba, anageuza uso anapotaka, na anageuza kwa sababu mwanamke mmoja alisimama peke yake kwenye korido, akapiga simu ya mtu aliyejificha, akakosa, akaamua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe ulikuwa fimbo ya mbali, tena umejitupa mwenyewe.

Tusipambane na muuzaji wa laini, yeye alikwambia. Ungemwuliza tena, ungeonekana mshamba kwa dakika moja na mambo yakaisha. Ila hata hilo nakusamehe, kila msafiri amewahi kuitikia asichokielewa. Nisichokusamehe ni kwamba ulitaka cheo cha mkubwa bila usumbufu wake. Uliwaacha watu wanaosubiri neno lako, ukaondoka na neno, ukamwachia mkeo namba na kiapo juu. Kama kazi ilikuchosha ungeivua mbele yao. Ungesema, wadogo zangu, nikiwa mbali dada ndiye mwenye kauli. Wangenung'unika wiki moja wakazoea.

Mkeo alidanganya, simpambi. Lakini hebu tupange uongo kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza ulisema laini za kule hazipokei simu. Huo ni wako. Wake ulizaliwa na wako, na tofauti ni kwamba wako ulikununulia usingizi, wake ulimnunulia mama yako uhai.

Umenipa majibu mawili, ndiyo na hapana, kama vile uko mbele ya hakimu wakati Mahakama ni wewe. Ndiyo usiithubutu. Mama amekwambia akisikia ndiyo atanyamaza, najua inavutia, lakini utamlisha uongo hadi mwisho wa maisha yake na dada yako atakushika mkia kila mkigombana. Hapana tupu ni mbaya zaidi. Itakuwa kweli, na itamfukuza nyumbani mtu asiyestahili. Kwa hiyo utasema yote.

Usingoje Jumamosi. Kesho mpelekee mama chakula wewe mwenyewe, mjomba asiwepo, mkeo asiwepo. Akishakula, vuta kigoda ukae chini yake, umweleze kwamba simu ilikuwepo, kwamba uliificha wewe ili uwe mbali nao wote, yeye akiwemo, na kwamba alipokuhitaji ulikuwa umezimika na hata hujui. Atakasirika. Mwache akasirike, na usimwombe mkeo aje kukusaidia kupokea hasira hizo. Kisha mwambie lile moja ambalo unaweza kuliapia, kwamba ungepatikana ungesema akatwe, apone. Kama hulijui moyoni mwako, lifikirie leo. Nadhani unalijua.

Jumamosi simama kabla hujaulizwa. Ukingoja swali la mjomba utachoka tena, nakujua sasa. Waambie namba ilifichwa na nani na kwa nini. Waambie saini ile aliiweka mke wako kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye ujasiri wa kuiweka, wote walikuwa wanamngoja mtu ambaye hapatikani. Waambie neno alilolitoa siku ile unalichukua wewe kuanzia leo, na mwenye kudai mguu wa mama akudai wewe. Anayetaka mtu arudishwe kwao, aanze na wewe, ingawa sijui watakurudisha wapi. Na ndugu zako wakikuvua umahakama siku hiyo hiyo, shukuru, ndicho ulichokuwa unakitaka tangu ulipopanda ndege.

Mama yako huenda akachelewa kumsamehe mkeo. Mguu si kitu kidogo, na mtu mzima hasamehi kwa kikao. Usimharakishe. Kazi yako ni kuhakikisha anajua amkasirikie nani.

Ukimaliza kusema, usirudi kwenye kiti cha mkubwa watakachokuwekea pembeni ya mjomba. Vuka chumba, wote wakikuangalia, ukakae karibu na mkeo.